Pipa Moja la Maji

Hakuna mtu Molo aliyewahi kumkuta Mugure na udongo chini ya kucha. Ndiyo sababu majirani wanne walimpa mbegu zao za viazi awatunzie hadi mvua ya Machi. Stoo yake ilikuwa imepigwa chokaa, na hata panya waliona aibu kuingia.

Mwaka huo walivuna katika tope. Viazi vikaletwa vimejipaka matope mpaka machoni, na Mugure hakuweza kuvumilia. Alijaza pipa maji aliyoletewa na punda kutoka mtoni, akaviosha gunia baada ya gunia, vyake na vya wenzake, mpaka maji yakawa rangi ya chai.

"Mama Peterson," jirani yake Kabiru alimtania akipita, "mbegu hizi ni za kupanda ama zinaenda kanisani?"

"Zitafika huko kabla yako."

Katikati ya kazi, kidole chake kilizama ndani ya kiazi kimoja. Kilikuwa kimelegea, kinanuka. Akakitupa nje ya ua, akasuuza mkono mle mle pipani, akaendelea. Maji hakuyamwaga, maana mtoni ni mbali na punda alikuwa hoi. Viazi akavirudisha maguniani na unyevu wake, akafunga mlango baridi isiingie. Kisha akaenda Nakuru kumuuguza dada yake.

Aliporudi baada ya wiki tatu, harufu ilimpokea langoni.

Magunia ya chini yalikuwa yakitiririsha maji mazito. Alishika kiazi chenye ngozi nzima kabisa, kikapasuka kiganjani na kumwaga uji. Alimpigia simu Celestine, mke wa mwanawe, aliyefanya kazi katika maabara ya kilimo huko Njoro.

Celestine alifika, akachuchumaa mlangoni, akatazama bila kugusa kitu.

"Kiazi ndani ni vyumba, Mama, vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Kuta zake zimeshikwa na sukari fulani, kama udongo unavyoshika fito za nyumba. Bakteria hawana meno. Wanatoa vimeng'enya, ile sukari inayeyuka, kuta zinaanguka, nao wanakula."

"Kilikuwa kimoja tu. Na nilikitoa."

"Kiazi ulikitoa. Maji uliyaacha."

Mugure alijifuta mikono kwenye leso, ingawa ilikuwa mikavu. Akaonyesha gunia la juu kabisa, la Kabiru. Viazi vyake vilikuwa vigumu, vimeanza kuchipua vizuri.

"Hivi je?"

"Viliingia pipa lilo hilo. Akivipanda, vitaozea ardhini, na mvua itateremsha ugonjwa mpaka mashamba ya chini."

Kabiru alikuwa ameshaingia uani. Baridi ilimchomea shamba zima mwaka uliopita, na gunia lile ndilo lililobaki kati yake na msimu wa njaa. Alichungulia stoo, akaziba pua, kisha akaliona gunia lake pale juu. Uso ukamlegea kwa shukrani.

"Mungu ni mkubwa. Mama Peterson, kumbe zangu umezitunza."

Angeweza kunyamaza. Mbegu zikioza shambani, watu wangelaumu mvua. Celestine alitazama chini.

"Usizipande," Mugure alisema. "Niliziosha pamoja na kiazi kigonjwa. Nilinawa mkono mle ndani, nikaendelea. Kosa ni langu."

Kabiru alichukua kiazi, akakibinya kwa kidole gumba. Kiligoma. Akakigonga ukutani, kikalia kama jiwe.

"Hiki ndicho kigonjwa?"

"Kabiru, nakuomba."

"Nipande nini basi? Nipande hayo maombi?"

Mugure hakuwa na mbegu ya kumpa. Kabiru alipojitwika gunia lake, yeye alisimama mlangoni kumzuia. Kabiru hakumsukuma, alingoja tu, kwa adabu, gunia likiwa mgongoni, mpaka Mugure mwenyewe akaona haya na kusogea.

Kabiru alipokuwa akivuka ua, waliona koti lake likilowa taratibu katikati ya mabega. Langoni naye akausikia ubaridi ule. Akapeleka mkono nyuma, akagusa, akaunusa: harufu ile ile ya stoo.

Hakugeuka. Wala gunia hakulishusha.