Mtego wa Wakili Biubwa

Wakili Biubwa Muhammad alipoteuliwa kuongoza chuo kikuu kishiriki kimoja cha Johannesburg, wenzake wa mahakamani walishangaa. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa akisimama mbele ya majaji. Alikuwa na cheo cha wakili mwandamizi, na kesi zake za wahamiaji zilifundishwa madarasani. Baba yake alimtoa Tanga akiwa mtoto. Sasa alikuwa Mkuu wa chuo, na dirisha la ofisi yake lilitazama maghorofa ya Hillbrow.

Aliyeshindana naye kuwania nafasi hiyo, Dakta Thierry, alibaki kuwa naibu wake. Alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mtu wa maneno machache. Katika vikao aliandika, akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Biubwa hakuupenda ukimya ule. Mahakamani alizoea kuamini kwamba shahidi anayenyamaza sana ana jambo analolificha.

Haikupita muda siri za ofisi zikaanza kuvuja. Uamuzi wa kufuta masomo ya jioni ulifika kwa wanafunzi kabla haujatangazwa. Kisha jina la mhadhiri aliyekuwa akichunguzwa likazagaa kwenye simu zao. Mara zote mbili, kwa hesabu ya Biubwa, waliojua walikuwa yeye na Thierry tu. Akaanza kumchunguza: anakula na nani, anacheka na nani, kwa nini anafunga mlango anapopigiwa simu. Hakuona kitu, na kutoona kitu kukamzidishia shaka.

Basi akaamua kumtega. Alimwita ofisini, akafunga mlango.

"Dakta, hili ni letu wawili. Kile kituo chetu cha msaada wa sheria cha Hillbrow nakihamishia Randburg."

Haikuwa kweli. Thierry aliweka kalamu chini.

"Mama, watu wa pale watafika namna gani Randburg? Wengi ni walinzi, ni wasusi. Wakitoka kazi wamechoka."

"Nimeshaamua."

"Sawa. Lakini mimi sikubaliane na ile."

Alipotoka, Biubwa alijiambia kwamba ameuona usoni mwake uso wa mtu anayekwenda kusema.

Kesho yake asubuhi aliendesha gari kutoka nyumbani, mtaa wa Observatory, na binti yake Kidawa kando, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hapo hapo chuoni, amejiziba masikio kwa muziki. Wakiwa wamesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, Najma akapiga simu kutoka Tanga. Biubwa alimsimulia mdogo wake kila kitu: amemwambia Thierry kwamba kituo kinahamia Randburg, na hicho ni chambo tu, wasubiri waone samaki atakavyonasa. Najma alicheka. Taa ikageuka kijani.

Wiki haijaisha, wanafunzi walijaa getini na mabango ya kutetea kituo cha Hillbrow. Biubwa aliwatazama kutoka dirishani. Hakukasirika. Alisikia ile raha aliyokuwa akiisikia shahidi wa upande wa pili anapojikwaa.

Baraza la chuo likakutana chini ya mwenyekiti wake, Mama Jocelyne. Biubwa alisimama kana kwamba yuko mahakamani, akaeleza mtego wake hatua kwa hatua, akamgeukia naibu wake.

"Nilikwambia wewe. Hukukubaliana nami. Siku chache baadaye wanafunzi wakajua. Wamejuaje?"

"Sijui," Thierry alisema. "Sikumwambia mtu, hata mke wangu."

"Mkuu," Mama Jocelyne aliuliza, "una hakika hukumwambia mtu mwingine?"

"Sikumwambia mtu yeyote wa ofisi hii."

Hakuna aliyelipima jibu lile. Baraza likaamua Thierry asimamishwe kazi wakati uchunguzi unaendelea. Alivua kitambulisho chake shingoni, akakiweka mezani. Alipompita Biubwa alimwambia kwa Kiswahili, taratibu, "Mama, ulikuwa unanitafutia kosa tangu siku ya kwanza."

Jumamosi Biubwa alikuwa jikoni akikaanga vitunguu, simu begani, akimwambia Najma jinsi mtu yule alivyokuwa mkavu wa macho, anadanganya bila hata kupepesa. Kidawa alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama, si yeye."

Biubwa aliishusha simu. Kilichomshtua kwanza ni lugha. Mtoto huyu alizaliwa huku. Ukimsemesha Kiswahili alikujibu Kiingereza, siku zote.

"Umesema nini?"

"Si Thierry. Ni mimi. Mimi nilimwambia Sagesse, rafiki yangu. Mama yake anasaidiwa pale Hillbrow, mambo ya permit. Nilisikia kwenye gari, muziki nilikuwa nimeuzima."

"Na yale ya mwanzo? Masomo ya jioni? Yule mhadhiri?"

Kidawa aliinamisha kichwa. "Pia."

"Kumbe unaelewa?"

"Naelewa zamani. Kusema ndiyo naona haya. Wewe na mama mdogo mnacheka."

"Lakini nilisema ni chambo. Hilo hukulisikia?"

"Chambo ni nini?"

Vitunguu vilikuwa vinaungua. Biubwa alizima jiko, na neno la kwanza lililomtoka likamwaibisha kabla halijaisha.

"Nani amekutuma kuyasema haya? Thierry?"

Kidawa alimtazama mama yake, akaingia chumbani. Siku ile hawakuzungumza tena.

Jumatatu Biubwa aliliomba baraza likutane. Aliwaambia kwamba siri zilitoka kinywani mwake mwenyewe, kwa simu, ndani ya gari. Binti yake hakumtaja.

"Nilikuuliza," Mama Jocelyne alisema.

"Uliniuliza. Nikakujibu kama wakili."

Walimpa onyo kali, wakamwacha kwenye kiti. Mchana alikwenda Hillbrow. Thierry alikuwa kwenye kituo, alikojitolea tangu asimamishwe, akimsikiliza mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Biubwa alisubiri kwenye benchi kama wengine, mpaka zamu yake ikafika.

"Nimekukosea, Dakta. Nimeliambia baraza. Nafasi yako ipo, nakuomba urudi."

Thierry alimvutia kiti. "Asante kwa kuja mwenyewe. Darasani nitarudi, na hapa nitaendelea. Unaibu, hapana."

"Kwa nini?"

"Siri ingine itatoka, Mama. Siku ile utaniangalia tena vile."

Biubwa alitaka kukataa. Akaona kwamba hawezi kuapa. Alimshika mkono, akampisha mtu aliyefuata.

Muhula ule alipata naibu mwingine, mwanamke mchangamfu anayesema sana. Kwa wiki za mwanzo Biubwa alijizuia asijiulize kwa nini anasema sana.