Ndoo ya Trilby

Clarrie Tunstall, fundi wa kupigilia farasi viatu vya chuma katika mji mdogo wa Wirrabilla, Australia, aliujua ukwato wa farasi aliyesimama mbele yake. Ufa wake aliuziba mwenyewe, Sydney, mwaka uliopita. Na leo, siku ya Kombe la mbio za farasi la mji, eti huyu ni Mossy Lad, farasi wa shamba asiyewahi kushinda chochote! Rangi ilikuwa nyingine, sawa. Lakini rangi hupakwa jamani, ukwato haupakwi.

"Huyu ni Brigedia, farasi bingwa wa Sydney!" alifoka zizini tangu asubuhi. "Wamempaka rangi! Mbioni hapa hakuna wa kumgusa!"

Watu wakaitikia kwa vichwa, wakasema pole, wakaondoka mmoja mmoja. Mwoka mikate aliacha hata andazi lake la nyama.

Ilimuuma kwelikweli. Trilby, farasi jike aliyemlea kwa chupa, alikuwa na miaka tisa, na hizi ndizo mbio zake za mwisho. Kombe lilikuwa haki yake.

Akamfuata Pettifer, msimamizi wa mbio.

"Lete pingamizi baada ya mbio, Clarrie. Kabla ya bendera ya uzani kupanda. Ikishapanda, matokeo yamefungwa, basi."

Mossy Lad akashinda kwa mbali. Trilby akawa wa pili, anahema.

Wapanda farasi walikuwa bado wanapimwa uzani. Clarrie akanyakua ndoo ya maji ya Trilby, akammwagia mshindi yote. Rangi ya kahawia ikachuruzika mpaka kwenye viatu vya Pettifer.

"Haya! Umeona sasa?"

Pettifer akatazama viatu vyake. Akainua kichwa. "Pandisheni bendera."

"We bwana una wazimu? Pingamizi langu je?"

"Limechelewa."

"Limechelewaje, na rangi bado inakutiririkia!"

Uwanja mzima ukashangilia bendera. Hapo ndipo Clarrie alipogeuka na kuona foleni ya kulipwa kwa wapokea dau: mwoka mikate, kasisi, mwalimu, na Enid, mkewe, kofia imekaa upande kwa furaha. Karatasi ya dau la Mossy Lad ilichungulia hata mfukoni mwa Pettifer.

"Na wewe, Enid?"

"Si ulisema mwenyewe hakuna wa kumgusa? Umepiga kelele tangu asubuhi, mume wangu. Mji mzima umekusikia."

Clarrie alirudi kwa Trilby, akamvua tandiko. Trilby akaingiza pua kwenye ndoo kutafuta maji, na ndoo ilikuwa tupu.