Mimba ya Damiani

Mjukuu wangu Damiani alirudi Ilongero kutoka India akiwa na mapafu ya marehemu asiyemjua, na mfuko wa dawa mzito kuliko begi lake la nguo. Karatasi ya hospitali niliisoma mwenyewe, darasa la saba nilimaliza: maziwa yachemshwe, mitishamba hapana, tumbo likisumbua hata kidogo apelekwe siku hiyohiyo. Nilishika yote. Mlenda wake niliuchemsha mpaka ukakata tamaa.

Kwetu bibi na mjukuu ni watani; mimi humwita mume wangu. Basi Jumatatu akasukuma ugali pembeni, akasema tumbo limejaa, choo hakuna tangu juzi. Nikalitazama lilivyovimba, nikawatangazia majirani waliokuwa wakipeta uwele uani kwamba mume wangu ana mimba, waandae uji wa mzazi. Walicheka mpaka ungo ukawaponyoka. Naye alicheka. Hakulitaja tena tumbo.

Jumanne nilimuuliza kama linauma.

"Haliumi, mke wangu. Linacheza tu."

Nikamletea khanga yangu ajifunge.

Jumatano asubuhi alikuwa wa moto, hawezi kunyooka. Tulimlaza kwenye pikapu ya kubebea alizeti hadi Singida mjini. Daktari akambonyeza, akauliza ilianza lini.

"Leo alfajiri," Damiani akajibu, akinitazama. Alikuwa ananifichia aibu.

Ningenyamaza, ingepita hivyo. "Siku tatu, daktari," nikasema. "Aliniambia. Mimi nikamtania mpaka akaona haya kusema tena."

Daktari hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema zile dawa zinazouzuia mwili usiyakatae mapafu hufunika hata maumivu, utumbo unaweza kutoboka mtu akiwa anacheka. Kama ni siku tatu, hakuna kusubiri. Akawapigia simu wanaomfuatilia dawa zake, kisha Damiani akapelekwa kupasuliwa. Utumbo ulikuwa umetoboka kweli.

Baada ya upasuaji muuguzi Evodia alikuwa akiuliza kila asubuhi jambo moja: ametoa upepo? Maana ndiyo dalili kwamba utumbo umeamka. Siku nne nimekaa kando ya kitanda, mwanamke mzima, namwomba Mungu mjukuu wangu ajambe.

Siku ya tano akajamba, wodi nzima ikasikia. Akafumbua jicho moja, akanisubiri.

Utani nilikuwa nao, wa kututosha mpaka mavuno. Nikaumeza. Nikamuuliza kama tumbo linauma.