Daftari la Mama Mdogo

Mama mdogo wangu ni karani wa benki ya damu. Kwa miaka kumi na miwili kila chupa ameiandika mara mbili: kwenye kompyuta, kisha kwenye daftari. Muuguzi haondoki dirishani mpaka kote kuwili kumeandikwa, hata awe na haraka namna gani. Hii ni tangu siku seva, kompyuta kuu inayotunza kumbukumbu zote, ilipozimika, na kwa saa sita hakuna aliyejua chupa ipi ni ya nani.

Sasa kifundo cha mkono kimemvimba. Daktari amemwambia aache kuandika, la sivyo atahamishwa dawati. Mama mdogo akajibu kwamba ataacha siku mashine itakapokuwa na daftari lake la pili. Fundi wa kompyuta wa hospitali ni mimi, kwa hiyo mzigo ukaniangukia.

Nilichora mpango nikajisifu mwenyewe. Seva mbili zilizoungana, moja ikianguka nyingine inadaka kazi. Kurasa kumi na mbili, zenye rangi. Nikampelekea anipongeze. Akaweka kidole kwenye kisanduku kimoja chini ya zile seva mbili, akauliza ni nini. Nikamwambia ni kabati la diski zinazotunza kumbukumbu, seva zote mbili zinasoma humo.

"Kwa hiyo mmeajiri makarani wawili, mkawapa daftari moja," alisema. "Likilowa je?"

Nikaanza kueleza jinsi kabati lilivyo imara, nikajisikia naongea kama mchuuzi, nikakusanya kurasa zangu nikaondoka. Nilinuna siku mbili nzima. Kukosea nimezoea, kilichoniuma ni kukosea ukurasa wa kwanza.

Siku ya tatu nikachana yote nikaanza upya. Seva mbili, majengo mawili, kila moja na diski zake. Na hakuna chupa inayohesabika imeingia mpaka iandikwe kote kuwili. Mkuu wa idara akalalamika kwamba mfumo utakuwa mzito. Nikamwambia kuna mtu anafanya hivyo kwa kalamu miaka yote hii, na foleni yake inasogea.

Mfumo mpya ulipokwisha kufungwa, Jumatatu saa nne asubuhi, wauguzi wakiwa wamejipanga dirishani, nilisimama nyuma ya kiti cha mama mdogo nikampigia mwenzangu simu achomoe waya wa seva ya jengo la kwanza, tuone kama ya pili itadaka kazi. Skrini ikaganda. Mama mdogo akashika kalamu. Nilihesabu sekunde tisa.

Skrini ikarudi. Chupa ya mwisho, kundi O hasi, ya wodi ya wazazi, ilikuwepo. Akailinganisha na daftari, tarakimu kwa tarakimu, wala hakunionea huruma. Kisha akaandika mstari mmoja, taratibu kwa sababu ya maumivu, akalifunga daftari na kunikabidhi. Akamwita muuguzi anayefuata.

Nililifungua kwenye ngazi, nikalia bila aibu. Chini ya ile chupa ya mwisho alikuwa ameandika: "Kuanzia hapa, muulizeni mwanangu."