Pumzi Moja Kwenye Mashine

Kwa miaka ishirini kinyozi alikuwa na tabia moja: akimaliza kisogo cha mteja, hupuliza mashine kuondoa nywele. Ugonjwa ulipoingia mjini alinunua brashi, akavaa barakoa, akabandika karatasi mlangoni: HUNA BARAKOA, HUNYOLEWI. Nyumbani alikuwa na mama mgonjwa wa sukari, na Ijumaa ilikuwa zamu ya mama kuchanjwa.

Lakini mazoea yana taabu. Alhamisi, mteja wa mwisho akiwa kitini, kinyozi aliteremsha barakoa hadi kidevuni, akapuliza. Mara moja tu. Mdogo wake alikuwa amejikalia kwenye benchi, simu mkononi, anarekodi.

Asubuhi alimkuta mama kitandani, hajavaa.

"Siendi."

"Mama, si tulikubaliana?"

"Nilikubaliana na mtu anayeamini anayosema. Huyu ni nani?" Akamsogezea simu hadi puani. Chini ya video palikuwa na maneno ya mdogo mtu: *Bwana Barakoa kaumbuka!* Na vicheko chungu nzima.

Kinyozi alishika njia hadi dukani. Mdogo wake alikuwa amejitandaza kwenye kiti cha wateja.

"Kaka, umekuwa staa! Watu elfu kumi na nane!"

"Futa."

"Nifute nini? Nimekuzushia? Mdomo si wako?"

Hapo alimpata pabaya. Mdomo ulikuwa wake.

"Mama amekataa chanjo kwa ajili ya upuuzi wako."

Kidole cha mdogo mtu kilisita juu ya kioo cha simu. Kisha kikaendelea. "Basi mama ana akili kukushinda."

"Toka kwenye kiti changu kabla sijakunyoa masikio."

Mdogo mtu alitoka akicheka. Kinyozi akafunga duka, akarudi nyumbani, akakunja godoro lake.

"Unakwenda wapi?" mama aliuliza.

"Kulala dukani. Kutwa nzima napumuliwa usoni na watu. Sitakuletea ugonjwa humu."

"Unanisusa?"

"Nakususa. Siku ukikubali kuchanjwa, niite."

"Basi utaozea huko. Funga mlango, vumbi linaingia."

Akaufunga. Nje, mdogo wake alikuwa ameegemea ukuta, simu juu.

"Kaka, hebu geuka kidogo. Hilo godoro limekuziba uso."

Kinyozi alipandisha barakoa hadi machoni, akampita bila kugeuka.