Sentensi Kumi na Nne za Kifungo

Mdogo wangu wa kike ni fundi cherehani. Mwanawe wa pekee tulimwita Kifungo, maana alijifunzia kuhesabu kwenye kopo la vifungo vya mama yake. Alikuwa na miaka sita alipotumbukia kwenye tangi la maji la uani, mchana kweupe, mama yake akiwa ndani anapinda sketi ya mteja. Mfuniko aliufungua mama mwenyewe alipochota maji, akasahau kuurudishia.

Mimi ndiye dada mkubwa, na kazi yangu ni kuandika hadithi za kutisha. Miezi minane baada ya mazishi niliandika kitabu juu ya mtoto anayerudi kutoka ndani ya tangi. Sikumwomba mtu ruhusa. Nilijidanganya kwamba nimemficha: nikamng'oa jino la mbele, nikamvika shati la njano. Jina la utani tu ndilo nililoliacha, kwa sababu kila nililojaribu badala yake lilikataa kukaa.

Kitabu kilitoka Jumatatu. Alhamisi, saa nne asubuhi, mdogo wangu akanipigia simu.

"Dada, njoo. Usiulize kitu."

Nilimkuta sakafuni, mgongo ukutani. Juu ya meza ya kukatia, kati ya mkasi na vitambaa, alikaa mtoto mwenye shati la njano, anapanga vifungo. Shati lilikuwa linachuruzika maji. Mdomoni ana pengo.

"Mwanangu hakuwa na pengo," mdogo wangu alisema polepole. "Na hilo shati sikulishona mimi."

Mtoto akainua uso.

"Maji yana mlango," alisema, "ila hauna kitasa."

Ilikuwa sentensi yangu, ukurasa wa arobaini na mbili. Siku niliyoiandika nilifurahi mpaka nikaisoma kwa sauti mara tatu.

"Uliumia, baba?" mdogo wangu akamuuliza.

"Nani amezima jua?" akajibu. Hiyo nayo ilikuwa yangu.

Nikamweleza mdogo wangu yote palepale, nikisubiri kofi. Kofi halikuja.

"Umemwandikia maneno mangapi?" aliuliza.

Nikahesabu kichwani. Kitabu kizima, Kifungo anasema sentensi kumi na nne.

"Basi mwongezee."

Nikachukua chaki ya kuchorea vitambaa, nikaandika kwenye karatasi ya vipimo: Mama, umekula? Sijamaliza alama ya kuuliza, sauti ikatoka mezani: "Mama, umekula?" Mdogo wangu akajiziba mdomo kwa kitambaa cha watu, akalia mpaka akakohoa.

Wiki tatu tuliishi hivyo. Shemeji, dereva wa malori, alikuwa safari ndefu. Kila asubuhi nilikwenda na daftari, mdogo wangu akinielekeza: mwandike acheke, mwandike aseme hakuogopa. Nguo za wateja zilirundikana zikanuka uvundo. Mtoto hakukauka hata siku moja, na mama yake alishinda amempakata, kifua kimelowa, midomo ya bluu.

Kisha mdogo wangu akasema, "Nimemaliza kitabu chako. Mwishoni mama anamfuata mwanawe tangini."

"Ile ni hadithi tu, mdogo wangu."

"Na huyu ni nini?" Akamwonyesha kwa kidevu. "Wala usihangaike. Mimi niko tayari. Nangoja tu anizoee."

Nikatazama dirishani. Mfuniko wa tangi ulikuwa umeegemezwa ukutani.

Nilikimbilia jikoni na daftari langu, nikajifungia. Akaja nyuma yangu, akaugonga mlango kwa ngumi zote mbili. "Dada, usithubutu! Dada, nakuomba, usithubutu!" Niliandika mwisho mpya mbiombio, vibaya, kama mtu anayezima moto kwa mikono. Ulisema hivi: Mtoto akaenda zake, wala hakurudi. Mama akalifunga tangi, akaishi miaka mingi. "Sasa nimetulia," alisema. "Yamepita. Karibu ndani."

Ngumi zikakatika ghafla.

Nilipotoka, mezani palibaki vifungo na dimbwi la maji. Mdogo wangu alikuwa uani, anaukandamiza mfuniko kwa goti. Akageuka, akatabasamu.

"Sasa nimetulia," alisema.

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Yamepita."

"Nitukane basi! Nipige!"

"Karibu ndani."

Shemeji aliporudi alinishika mikono miwili kunishukuru. "Sijui ulimpa dawa gani, shemeji. Anakula, analala, kazi zote kazimaliza. Maneno tu ndiyo yamepungua."

Hapo nikajua nimefanya nini: nilimwandika na yeye, na sasa alikuwa na sentensi tatu tu. Nikaanza kumwandikia yeye. Niliandika amuulize mumewe habari za safari, akauliza. Niliandika acheke, akacheka, na kicheko kikaisha pale nilipoweka nukta. Siku moja niliandika: Akawa mwenyewe kama zamani. Alinitazama kitambo kirefu, mikono magotini, kama anayesubiri nimalizie. Sikuwa na cha kumalizia. Miaka thelathini na minne ni mdogo wangu, na ndani yake sikuwahi kufika.

Jana nilichoka. Nilikaa pembeni ya cherehani, nikaandika kile ninachoamini angeniambia.

Cherehani ikanyamaza.

"Nilikuambia usithubutu," alisema. "Umemuua mwanangu mara ya pili. Sitakusamehe mpaka nafukiwa."

Nilimkazia macho, nikitafuta hasira, chuki, chochote kisicho changu. Maneno yalikuwa yametoka sawasawa, pumzi imevutwa kila mahali nilipoweka kituo. Akainamisha kichwa, uzi ukaendelea.

Shemeji akachungulia kutoka sebuleni, uso umechangamka kuliko nilivyowahi kumwona tangu msiba.

"Mnagombana?" alisema. "Afadhali! Huyo sasa ndiye mke wangu."

Nikafunga daftari. Sikuwa na ubavu wa kumwambia.