Pembe ya Nyuzi Sitini

Kazini walimwita Dada Mchoro, na jina likamganda. Sasa alikuwa na wajukuu watano na magoti yanayolalamika kila akiona ngazi, lakini bado alikuwa Dada, na asiyemwita hivyo basi huyo ni mgeni. Ujana wake wote ulikwisha katika karakana ya mizani, akichora kitu kidogo ambacho watu wengi hawajui hata kama kipo. Ukifungua mizani ya zamani utakikuta pale katikati: kipande cha chuma cha pua chenye pembe tatu, kimelaza ukingo wake juu ya kijiwe cha akiki. Mkono wa mizani, sahani zake mbili na mzigo wote vinauelemea ukingo huo mmoja. Mafundi hukiita kisu, ingawa hakikati hata siagi. Kisu kikiwa sawa, mizani husema kweli. Kikiwa ovyo, hata ukiweka mawe halali kiasi gani, utavuna uongo.

Alhamisi moja asubuhi alikuja nyumbani kwake bwana mmoja wa ofisi ya vipimo, amebeba mizani ya duka iliyofungwa kwenye blanketi, na bahasha kubwa kwapani.

"Mama, tunafungua chumba cha kuonyesha mizani za kale," alisema akitua mzigo wake. "Tunataka kuweka Kisu cha Dada kwenye kabati la kioo. Mchoro wenyewe, kisu chenyewe, na kadi yenye jina lako. Ila kisu cha katikati kimemeguka. Tungepata kipya kilekile kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, ingekuwa vizuri sana."

Dada Mchoro alifurahi, tusidanganyane. Nani hapendi jina lake lisomwe na watu waliovaa vizuri? Kisu cha Dada alikichora akiwa na miaka ishirini na miwili, mwezi wake wa pili kazini, mwanamke peke yake katika chumba cha wachoraji. Karakana ilikitumia miaka thelathini na minne, mpaka mizani za betri zilipokuja zikawafagia wote. Kilimpa meza ya dirishani, kikampa wanafunzi, kikampa haki ya kumkatiza tajiri mwenye karakana anaposema. Si haba kwa kichuma kinachoenea kwenye kiberiti.

Bwana vipimo alipoondoka, Dada alifungua bahasha aliyoachiwa yenye mchoro. Kwanza ilitoka harufu: mafuta ya mashine, wino, na moshi wa chuma kinachochovywa kwenye mafuta kikiwa chekundu. Alikaa akafumba macho ile harufu isimkimbie. Aliona dirisha la kioo lililotenga chumba cha wachoraji na mafundi. Aliwaona wenzake saa nne wakigombania kikombe kisicho na ufa. Alimwona Fundi Unywele akibana chuma kwenye jiliwa yake, mtu mwenye upara unaong'aa, ambaye hata hivyo kila kitu alikipima kwa unywele: punguza unywele, ongeza nusu unywele. Yeye ndiye aliyekata kila kisu alichokichora Dada. Alikuwa akimaliza kimoja anakiinua juu kwenye kioo, Dada anaitikia kwa kichwa, kazi inaendelea. Hawakuhitaji maneno mengi.

Akaona kuwa mchoro peke yake hautoshi. Afadhali awape na daftari lake la hesabu za siku zile, lipambe kabati. Alilitoa chini ya sanduku la nguo, akapangusa jalada, akatafuta ukurasa. Urefu wa kisu, sawa. Upana wa kitako chake, sawa. Pembe ya ukingo: nyuzi arobaini.

Alirudia kusoma. Arobaini. Akautazama mchoro: sitini.

Sasa, arobaini si kosa dogo. Ukingo wa nyuzi arobaini ni mwembamba mno kwa mizani ya duka. Siku ya kwanza utasikia hata unyoya, na tajiri atapiga makofi. Mwezi wa pili mzigo utakuwa umeula ukingo, na mizani itaanza kusinzia. Dada Mchoro mwenyewe alikuwa akiwafundisha hivyo wanafunzi wake, tena kwa kejeli. "Pembe nyembamba ni ugonjwa wa vijana," angewaambia. Miaka yote aliamini kwamba yeye aliichora sitini tangu mwanzo. Binadamu ndivyo tulivyo, akili hutupendelea sisi wenyewe.

Aliuinua mchoro kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya ile sita, karatasi ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe, taratibu, na mtu mwenye mkono mwepesi. Na sita yenyewe ilikuwa na kitambi kama sita zake zote. Mtu alikuwa ameuiga mwandiko wake.

Iliuma. Aliweka karatasi mezani akakaa, hata chai hakunywa. Kati ya meza yake na jiliwa, mchoro ulipita mikononi mwa mtu mmoja tu, Fundi Unywele. Kama ni yeye, basi kabati la kioo lilikuwa linaandaliwa kwa ajili ya uongo, na yeye Dada Mchoro alikuwa ametembea kifua mbele miaka thelathini na minne kwa akili ya mwenziwe. Alitaka kujua kabla kadi haijaandikwa.

Kumwuliza tu hakungefaa. Angepewa jibu la adabu, arudishwe nyumbani na salamu kwa wajukuu. Kwa hiyo alichukua karatasi mpya, akakichora kisu upya mstari kwa mstari, na penye pembe akaandika nyuzi arobaini. Kesho yake akaenda.

Fundi Unywele na mkewe walikaa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mtaa wa mafundi cherehani. Meza yake ya kazi ilikuwa barazani, chini ya dirisha la jikoni, tupa zimetundikwa kwa ukubwa, na mkewe alikuwa haishi kulalamika kwamba anakula unga wenye chuma.

"Hodi!"

"Karibu, Dada. Usisimame hapo utaota mizizi."

"Shikamoo, Fundi. Shikamoo, Mama."

"Marahaba," walijibu wote wawili. Fundi akaongeza, "Na magoti?"

"Yapo. Yanapiga kelele."

"Yatie grisi."

Alikuwa amepita miaka themanini, na mikono yake ilitetemeka akishika kikombe. Dada alimweleza habari ya ofisi ya vipimo na kisu kilichomeguka, kisha akamkunjulia mchoro mpya. Mzee alivaa miwani yake yenye uzi. Kidole gumba kikatembea juu ya karatasi, urefu, kitako, kikafika kwenye pembe. Hapo kikasimama kidogo. Kidogo tu, asiyemjua asingeona.

"Kazi safi," alisema. "Mkono wako haujazeeka."

"Huoni cha kubadilisha?"

"Nitakitoa wapi? Mchoraji ni wewe. Njoo Jumatatu."

Akirudi alipita karakana ilipokuwa. Siku hizi waliuza viti vya plastiki, vimepangwa mnara mpaka darini, na lile dirisha la kioo la katikati lilikuwa limezibwa kwa matofali. Alisimama pale muda mrefu kuliko inavyostahili mtu asiyenunua kiti. Muuzaji akamwuliza anataka cha rangi gani. Akasema cha zamani, muuzaji akacheka akidhani ni mzaha.

Jumatatu alikikuta kisu tayari, kimelazwa kwenye pamba ndani ya kiberiti. Kilikuwa kizuri, wacha tu nikuambie. Mikono ile inayomwaga chai ilikuwa imeshika tupa ikatulia kama ya kijana. Ukingo uling'aa sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, na alipoupitisha kwenye ukucha wa kidole gumba haukukwaruza wala haukuteleza. Kisha, mbele ya mzee, akatoa kipimapembe kwenye mkoba akapima.

Sitini.

Akaomba ile karatasi ya mchoro. Mzee aliitoa polepole, kama mtoto anayeombwa ripoti ya shule. Arobaini ilikuwa imekwanguliwa, na mahali pake imekaa sitini, sita ina kitambi.

"Fundi. Nilichora arobaini."

"Macho haya, Dada. Labda nilisoma vibaya."

"Na wembe nao ulisoma vibaya?"

Jikoni, sufuria ziliacha kugongana. Mkewe alikuwa anasikiliza, na hakujificha.

Mzee alivua miwani. "Wiki ulipoingia," alisema, "tajiri alituita mafundi. Akasema, huyu msichana nimemchukua kwa kuombwa, akikosea mara moja tu arudi kwao. Haya, mchoro wako ukaja kwangu. Kila kitu kizuri. Kitako kizuri kuliko vyote nilivyowahi kukata. Pembe tu. Ningekikata vile, mizani zingerudi baada ya mwezi, nawe ungeondoka."

"Si ungeniambia mimi?"

"Ungefanyaje?"

Wote wawili walijua. Dada angekwenda mwenyewe kwa tajiri akaungame kabla chai haijapoa, ndivyo alivyokuwa, na ndivyo alivyo mpaka leo.

"Sawa, siku ile. Na baadaye? Miaka thelathini na minne, Fundi!"

"Baadaye ulikuwa umeshaamini. Na ulikuwa na furaha. Ningeanzia wapi?"

"Lilikuwa kosa langu!" Sauti ilimtoka juu kuliko alivyotaka, na machozi nayo. "Kila mtu alipewa kosa lake akajifunza nalo. Langu ukalificha. Mimi nimewacheka watoto wa watu kwa pembe nyembamba, nimewacheka mbele ya wenzao, kumbe na mimi ni walewale."

Mzee alizungusha kiberiti kitupu mezani, upande huu, upande ule.

Dada Mchoro akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akatoa mchoro wa kwanza, ule wa bahasha, na kalamu ya wino. Katika karakana ile kosa la kwenye mchoro lilikuwa na sheria yake: halifutwi. Linakatwa kwa mstari mmoja, namba mpya inaandikwa pembeni, na aliyebadili anatia sahihi, ili watakaokuja waone nani alifanya nini. Aliandika arobaini kwa tarakimu kubwa, akaikata kwa mstari mmoja, pembeni akaweka sitini. Akamsukumia mzee kalamu.

"Tia sahihi."

"Kabati liwe na jina lako, Dada. Mimi nikae kwenye kioo nifanye nini, mimi keki?"

"Tia sahihi, Fundi."

"Tia sahihi, mzee!" mkewe alipaza sauti kutoka jikoni. "Tangu Ijumaa hulali mchana kwa ajili ya karatasi za huyu mwanangu. Tia, tule."

Akatia. Mkono uliotulia kwenye tupa haukutulia kwenye kalamu, na sahihi ikaenda upogo kama nyayo za kuku. Dada aliitazama, hasira zikamtoka zote kwa mara moja, zikamwacha na mapenzi makubwa kwa mzee yule mpaka akaona haya.

"Umefurahi sasa?" Fundi aliuliza. Alikuwa amechangamka, kama mtu aliyetuliwa gunia. "Basi kama ni siku ya kuungama, tuungame wote. Vile visu vinne vya mizani za posta. Nilivikata vifupi. Asubuhi nikakuta mchoro umepunguzwa urefu, vitundu vya kuvifungia vimesogezwa, na wewe unamwambia tajiri umebadili mawazo. Ulidhani sikuona? Vinne nilivyokosea, katika maisha yangu yote. Nilikushukuru moyoni kila siku."

"Vinne?" alisema Dada Mchoro.

Angeliuma ulimi hapohapo, lakini ulimi hauna mfupa.

"Fundi, vilikuwa kumi na kimoja."

Mzee alimtazama. Upara wake ukapata jasho. Dada akauona usoni mwake uso wake mwenyewe wa Alhamisi, aliposoma daftari mara ya pili. Alitamani kuyarudisha maneno. Akaanza kusema labda amehesabu vibaya, kwamba ni zamani, kwamba vingine vilikuwa unywele tu.

"Vile saba ni vipi?" Fundi alimkatiza.

"Vitatu vya mizani za dawa. Vingine sikumbuki vizuri. Michoro iko kwa bwana vipimo, ofisini kwao."

"Ulitia sahihi?"

"Sikutia."

Fundi Unywele alisimama kwa kushika meza. Aliichukua kalamu, akaifunga kifuniko, akaichomeka kwenye mfuko wa shati.

"Mama," aliita kuelekea jikoni, "viatu vyangu viko wapi?"